Shabaha ya Mbali: Kujiandaa kwa Windo la Lenzi Ukitokea Munyaka

Ukiishi Munyaka, hapa Eldoret, na moyo wako unapenda kuwinda, bunduki iondoe kwenye hesabu. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji Mei 1977, mwaka uliofuata ikafunga biashara ya pembe, ngozi na nyara nyingine za wanyama, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 ikakaza kamba zaidi. Kumpiga swala risasi kwa kujifurahisha au kwa kitoweo ni jinai, hata akiwa amesimama katikati ya mahindi yako. Anayetaka kufyatua kihalali huvuka mpaka. Tanzania bado inatoa vibali vya uwindaji wa kitalii chini ya mamlaka yake ya wanyamapori, TAWA, na Uganda ilirudisha uwindaji kwa majaribio kandokando ya Ziwa Mburo mwaka 2001. Lakini hiyo ni safari ya mwenye dola na muda, na makala haya si yake.

Yetu ni ya mtu mwenye kamera, au anayeweka akiba ya kununua moja, ambaye anataka kumpata nzohe kwenye kinamasi cha Saiwa au tai kwenye genge la Elgeyo akiwa mbali, na picha itoke kali hadi kope za jicho zihesabike. Nimeliita windo makusudi. Karibu kila kitu ambacho wawindaji wa masafa marefu wamejifunza kwa gharama ya risasi kinamfaa mpiga picha, na kosa linalowaangusha ni lilelile: kuamini kwamba umbali unaondolewa na pesa.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo itakayokuzuia kumwaga pesa dukani. Kamera nyingi za bei nafuu zina kihisi chenye kimo cha milimita 15 hivi. Mnyama wa kimo cha mita moja begani, akiwa umbali wa mita 100, lenzi ya milimita 300 inamchora juu ya kihisi hicho akiwa na milimita 3 tu. Ni moja ya tano ya kimo cha picha. Ukitaka aongezeke mara mbili una njia mbili: ununue lenzi ya milimita 600, ambayo bei yake inaweza kumfanya mwenzi wako wa ndoa akuulize maswali, au usogee hadi mita 50. Matokeo kwenye kihisi ni yaleyale. Tena njia ya pili ina faida ambayo lenzi haitakupa kamwe: hewa iliyo kati yako na mnyama imepungua nusu.

Hewa hiyo ndiyo adui ambaye wageni wa kazi hii hawamjui. Mwenye bunduki ya masafa marefu anaogopa risasi kushuka, anaogopa upepo, na anauogopa mkono wake mwenyewe. Bunduki ya .308 iliyorekebishwa ipige sawasawa mita 200, risasi yake ikifika mita 300 imeshuka sentimita 20 hadi 25, na kwa paa hiyo ni tofauti ya moyo na mguu. Sisi nuru yetu haishuki njiani wala haipeperushwi. Lakini jua likishapanda, ardhi hutoa joto, hewa ikaanza kucheza kama inavyocheza juu ya lami ya barabara ya Iten mchana wa Januari. Kupitia milimita 600 mazigazi hayo humlainisha mnyama mpaka manyoya yake yakaonekana kama rangi iliyopakwa kwa brashi. Hakuna kamera inayotibu hilo. Watu hurudi nyumbani wakailaumu lenzi, wengine wakaiuza, kumbe walipiga saa sita mchana kupitia mita 200 za hewa moto. Dawa ni mbili tu, kusogea na kuamka mapema. Kuanzia saa kumi na mbili alfajiri hadi saa tatu hewa bado imetulia. Baada ya hapo piga vya karibu.

Sasa mkono. Mtikisiko wa sehemu moja ya kumi ya digrii, ambao jicho lako haliwezi kuuona kwenye vidole, ukifika mita 100 umekuwa sentimita 17. Ndiyo sababu mwindaji mzoefu hapigi akiwa amesimama wima iwapo kuna mti, jiwe au ardhi ya kulalia. Wewe vilevile. Kabla ya kufikiria lenzi kubwa, pata cha kuiegemeza.

Tripodi nzuri ni nzito na ghali, na tripodi mbaya ni hasara tupu, kwani hutetemeka kwa upepo wa kawaida wa Eldoret na kukupa imani ya uongo. Kwa anayeanza ninapendelea mfuko wa nafaka. Chukua suruali ya jinzi ya mtumba, iliyo nzito, ukate mguu mmoja kuanzia gotini kwenda chini. Mpelekee fundi cherehani aushone upande mmoja kwa mishono miwili na upande wa pili atie zipu. Jaza maharagwe au mahindi makavu hadi theluthi mbili, usiupakie pomoni. Ukiuweka juu ya ukingo wa jukwaa au dirisha la gari, ukandamize katikati kwa ngumi mpaka utengeneze bonde, kisha laza lenzi humo. Nafaka zitaikumbatia kila upande. Mchanga usitie, maana vumbi lake hupenya kwenye kamera na uzito wake utakutesa njiani. Safiri na mfuko mtupu, ununue nafaka Kitale, njiani kwenda Saiwa. Na ukikwama huko usiku, maharagwe yanapikika.

Kidole nacho kina adabu yake. Usikibonyeze kitufe kama unayepiga kengele ya mlango. Weka nyama ya ncha ya kidole juu yake, toa pumzi hadi nusu, tulia, kisha kandamiza polepole na uendelee kushikilia kamera ipige picha nne au tano mfululizo. Ile ya kwanza mara nyingi huharibiwa na msukumo wa kidole. Ya pili na ya tatu ndizo unazozitafuta. Mkono wa kushoto, ukiwa umeegemea mfuko, uulaze juu ya lenzi na uikandamize kidogo. Lenzi yako ikiwa ya zamani na ina kituliza mtikisiko, kizime unapotumia tripodi, kwa kuwa baadhi yake huanza kutafuta mtikisiko usiokuwepo na kuuzalisha.

Mazoezi fanya mtaani kabla ya kulipa nauli ya kwenda popote. Tafuta mahali penye ua na nafasi, umwombe mwenyewe ruhusa, ubandike ukurasa wa gazeti kwenye ua huo. Hesabu hatua 30, piga. Hatua 60, piga. Hatua 100, piga. Rudia ukiwa umesimama, umepiga goti, umelala kifudifudi, na ukiwa na mfuko wa nafaka. Usiku keti uzitazame picha kwenye kompyuta kwa ukubwa kamili. Kuna umbali ambao kichwa cha habari kinasomeka na maandishi madogo yamegeuka ukungu, na kuna umbali ambao hata kichwa cha habari hakieleweki. Ukiyaona hayo kwa kila mkao, umekijua kikomo chako, nacho ni chako wewe na kamera yako. Cha jirani mwenye vifaa vya bei hakikuhusu. Mwindaji wa heshima ana umbali ambao akishauvuka hapigi, hata dume akiwa amesimama ubavu. Jiwekee wako. Mnyama akiwa nje ya kikomo mtazame kwa darubini, usome anaelekea wapi na anaogopa nini, na uache kujaza kadi takataka.

Gazeti likishakuchosha, nenda kwa vinavyokwenda. Mwewe wanaozunguka juu ya jalala ni walimu wazuri, kwa kuwa wanaruka polepole na kugeuka ghafla. Kwarara nao hupita jioni wakipiga kelele ambazo zinakupa onyo la sekunde kadhaa ujiandae. Tatizo kubwa la lenzi ndefu mwanzoni ni kumpata ndege kiooni: unainua kamera, unaona mbingu tupu, unamtafuta huku na huko, naye ameshafika Kapsoya. Zoea kumkazia ndege macho bila kumwacha, macho yote mawili yakiwa wazi, halafu ulete kamera usoni, usipeleke uso kwenye kamera. Kama lenzi yako ni ya kuvuta, anza nayo ikiwa fupi, umpate, ndipo uvute. Alfajiri za huku kuna wanariadha barabarani, na wao ni mazoezi mazuri ya kufuata mwendo, lakini watu ni watu. Salimia, omba kwanza.

Tena angalia unakoielekeza. Lenzi ndefu ikitokeza dirishani kwenye gari hufanana na kitu kingine machoni pa askari. Eldoret ina kambi ya jeshi, ina uwanja wa ndege, na ina hata kiwanda cha risasi cha serikali. Yaani mji usioruhusu uwinde ndio unaotengeneza risasi. Maeneo hayo yapite kamera ikiwa begini. Na kwa kuwa tumefika kwenye mavazi: koti la madoamadoa ya kijeshi, hata ulipate kwa bei ya kutupwa kwenye mtumba, liache hapohapo. Raia kuvaa nguo za aina hiyo Kenya ni kujitafutia selo. Kahawia iliyopauka na kijani kibichi cha kawaida vinatosha, mradi visiwe na kitambaa kinachochakarika ukitembea.

Mipangilio ya kamera nitaipita haraka, kwa sababu vijitabu vinaieleza vizuri. Kwa mnyama aliyesimama usishuke chini ya 1/500 ya sekunde ikiwa una mfuko wa nafaka, na kwa ndege anayeruka anzia 1/2000. ISO iachie kamera ijipandishie yenyewe. Alfajiri itafika 3200 au 6400, na picha itakuwa na chembechembe. Chembechembe husafishika, lakini iliyotikisika haina daktari. Weka fokasi kwenye jicho, tena kwa nukta moja, usiiachie kamera ijichagulie. Kwenye kinamasi itachagua tete lililo mbele kila mara. Ujue pia kwamba lenzi ya milimita 600 ikiwa imefunguliwa f/6.3, kwenye kihisi kikubwa, kitu kilicho mita 20 kina sentimita 40 hivi tu zilizo kali mbele na nyuma. Mnyama akigeuza kichwa, jicho limeshatoka. Ukinunua lenzi iliyotumika, ichungulie kwa tochi ya simu uone kama ukungu umeota ndani ya vioo, jambo la kawaida huku kwetu kwenye mvua nyingi, ujaribu fokasi mara kadhaa, na udai risiti. Vifaa vya wizi huzunguka.

Windo lenyewe ninalokupendekezea la kwanza ni Saiwa. Hifadhi hii ya taifa ilitangazwa mwaka 1974 kwa ajili ya nzohe, swala wa majimaji ambaye wengi humwita sitatunga, na eneo lake ni kama kilomita tatu za mraba tu, ndogo kuliko hifadhi zote za taifa nchini. Kutoka Eldoret panda matatu hadi Kitale, kisha nyingine inayoshika barabara ya Kapenguria, ushuke njia panda na umalizie kwa boda boda. Ada za Shirika la Huduma kwa Wanyamapori hulipwa kwa eCitizen. Maliza hilo nyumbani, usisubiri mtandao wa langoni. Lala upande wa Kitale au karibu na hifadhi, maana ukitoka Munyaka asubuhi utafika hewa ikiwa imeshaanza kucheza.

Ndani hakuna gari. Unatembea kwa miguu kwenye vijia na madaraja ya mbao, na kuna majukwaa ya kutazamia yanayoinuka juu ya matete. Hapo ndipo mafunzo yote yanapokutana. Chagua jukwaa ambalo jua litachomoza mgongoni mwako. Panda kabla nuru haijatosha kupiga, uweke mfuko wa nafaka juu ya ukingo, uelekeze lenzi kwenye uwazi mmoja kati ya matete, kisha ukae. Mbao hupitisha mtetemo: mwenzako akibadilisha mguu, picha yako imekwenda, kwa hiyo patanani mapema nani anatulia lini. Kabla hajatokea mnyama yeyote, piga picha mbili tatu za majani mahali unapotarajia apite, urekebishe mwanga. Nzohe ni wa kahawia nzito na huwa kivulini, kamera itataka kumfanya mweupe kuliko alivyo.

Hatokei kama unavyomtarajia. Utaona kwanza tete likitikisika kinyume cha upepo, kisha sikio, kisha labda dakika nyingi za kutoona kitu. Kwato zake ni ndefu na hutanuka, ndizo zinazombeba juu ya tope, na akishtuka anaweza kuzama majini akabakiza pua. Kwa hiyo usiinue kamera anapotokea. Kamera iwe imeshainuka. Subiri atoe kichwa chote, asimame, ageuze shingo. Ukipiga mapema, sauti ya shata itamrudisha ndani na wenzako wa jukwaani hawatakusamehe. Kama kamera yako ina shata ya kimya, itumie. Mawingu yakiwa mazito unaweza kuendelea hadi saa tano. Jua likiwaka, shuka ukawatafute tumbili wa De Brazza na shorobo kwenye miti ya kingo, ambako umbali ni mita 15 au 20 na mazigazi hayana nafasi.

Hapa nakumbuka kisa kinachosimuliwa sana cha uwanda huu. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, akiwa ameondoka madarakani Marekani miezi michache tu, alipita Uasin Gishu na shehena ya bunduki za kila aina. Karibu na Sergoit, safari fupi kutoka tunapoishi, alikaa akatazama vijana wa Kinandi wakimzingira simba, wakaubana mduara, na kummaliza kwa mikuki. Mkuki haufiki mita 100. Ustadi wao wote ulikuwa kwenye kufika karibu na kusimama imara hapo, na huyo mgeni, ambaye jicho moja lilikuwa karibu kipofu kwa sababu ya ngumi, alijua kuusifu. Simwombi mtu amkaribie simba. Ninasema ufundi wa kusogea ulikuwepo huku kabla ya vioo.

Windo la pili ni genge la Elgeyo, Iten, kilomita 30 na kitu kutoka Eldoret. Hapa huhitaji kumsogelea yeyote: ndege wakubwa hupanda na hewa ya joto kutoka Bonde la Kerio, wakapita usawa wa macho yako, mara nyingine chini yako, na unapata mgongo wa tai ambao wapiga picha wa tambarare hawaupati. Kosa la wengi ni kwenda asubuhi. Genge linatazama mashariki, hivyo jua la asubuhi linakupiga usoni na ndege anatoka mweusi tii. Nenda baada ya saa tisa, jua likiwa nyuma yako na bonde limewaka. Desemba hadi Februari ndiyo miezi ya kuaminika. Kuanzia Machi mvua za mchana zitakuharibia ratiba, na Julai na Agosti ukungu unaweza kulifunika genge siku nzima. Kiangazi kikikolea kuna moshi wa mashamba yanayochomwa, basi siku nzuri kuliko zote ni ile inayofuata mvua ya ghafla ya msimu wa jua. Mkanda wa kamera uzungushe mkononi na uache hatua kadhaa kati yako na ukingo. Jicho likiwa kiooni miguu husahau ilipo.

Masharti machache kabla hujatoka. Ndege usimrushie jiwe ili aruke, wala usimpigie sauti ya wenzake kwa simu ili aje. Anaacha kulisha na kulinda kiota kwa ajili yako. Korongo taji, ambaye kinamasi cha Saiwa ni makao yake na ambaye mahindi yakishavunwa huonekana hata mashambani kwetu, yuko kwenye orodha ya ndege walio hatarini kutoweka, na vifaranga vyake huibwa vikafugwa. Picha ya kiota usiiweke mtandaoni na jina la mahali, na uzime ile huduma ya simu inayoandika mahali picha ilipopigwa. Droni usiingie nayo hifadhini bila idhini. Ukiwa unapiga kwa ajili ya biashara, uliza kibali langoni mapema kuliko kuulizwa.

Ukirudi, acha kamera ndani ya begi lililofungwa mpaka ipate joto la nyumba, hasa ukiwa umetoka kwenye baridi ya alfajiri, vinginevyo lenzi itatoa jasho ndani. Nakili kadi mahali pawili ndipo uifute. Halafu kabla ya kuchagua picha nzuri, andika orodha ya ulichokiona, tarehe, saa na mahali, hata vile ambavyo hukuvipata. Mradi wa Kenya Bird Map unapokea orodha kama hizo kutoka kwa raia yeyote, na umeigawa nchi katika viboksi vya takriban kilomita 9 kwa 9. Munyaka imo ndani ya kimojawapo, kwa hiyo mwewe wa jalalani uliowafanyia mazoezi nao waandike.